Sifuri za Chui kwenye Jabali la Habari

"Paukwa?"

"Pakawa."

"Pakawa nini?"

"Pakawa jabali."

"Jabali la kukalia?"

"La kuandikia."

Haya, mwenye masikio ayasogeze, na mwenye kikohozi akimalize sasa hivi, maana ngano hii ina matanga ndani yake, na matangani mtu hakohoi ovyo.

Hapo kale, katika nyika ya Vigongo, habari hazikupitia mdomoni. Habari ziliandikwa jabalini. Jabali lenyewe lilikuwa jeusi, refu, laini kama kipara cha tajiri, na mwandishi wake alikuwa Pimbi, mnyama asiye na mkia, asiye na pembe, asiye na chochote cha kumtishia hata panzi, ila alikuwa na kibuyu cha chokaa na kijiti alichokitafuna ncha kama mswaki. Jua likipanda, wanyama walikuja kusoma. Jua likishuka, walikwenda kubishana juu ya walichosoma.

Nyika ile ilikuwa na desturi zake. Ya kwanza: habari haitangulii jabali. Lililoamuliwa barazani halikusemwa nje mpaka limeandikwa. Ya pili: chokaa ya jabali haifutwi kwa mkono. Hufutwa na mvua tu, na mvua haina rafiki. Kwa hiyo wanyama walisema, "Mdomo hupinda, jabali halipindi," na waliposema hivyo hata Nyati, mwenye shingo ya kung'oa miti, aliinamisha pembe.

Kazi hiyo Pimbi aliirithi kwa mama yake, na pamoja na kibuyu alirithi kanuni. Mama yake alimwambia: mwanangu, mpaka tisa andika kwa maneno. Kuanzia kumi, ruhusa kutumia tarakimu. Tena usianze sentensi kwa tarakimu, habari ipige hodi kwanza kama mgeni mwenye adabu. Pimbi, wakati huo mdogo bado, aliuliza kwa nini. Mama yake alichovya kijiti, akafikiri, akasema kwamba wachache wana nyuso, na neno lina nafasi ya kubeba uso. Wakiwa wengi mwandishi hulemewa, ndipo anapochukua tarakimu, na aichukue kwa aibu kidogo.

Pimbi aliishika kanuni hiyo kama mtu anavyoshika mkono wa mtoto sokoni. Na mtoto alikuwa naye kweli, mmoja tu, binti yake Kidawa, mwenye masikio ya duara na mchezo wa kuteleza jabalini, sereee, mpaka chini, kisha kupanda tena.

Basi kikaja kiangazi. Kilikuja kikakaa, kikavua viatu, kikaagiza na mto wa kuegemea. Mito ikakauka, madimbwi yakakauka, ikabaki chemchemi moja chini ya majabali, na fisi wa ng'ambo ya korongo wakaanza kuinyatia. Baraza likakutana, likamwita Chui.

Chui huyo alikuwa na nguvu, hilo hakuna aliyelipinga, na alikuwa na tumbo, hilo hakuna aliyelitaja. Alikubali kuwa mlinzi wa chemchemi. Ila mlinzi naye hula, alisema, na akisema hivyo aliwatazama wajumbe mmoja mmoja kama mtu anayechagua nyanya. Baraza likahema, likakaa, likalia. Mwishowe likakata shauri: kila mwezi, Chui apewe wanyama wawili, wazee au wagonjwa, kwa hiari yao. Ni uchungu, lakini kiu ingeua zaidi.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Kakakuona, mwenye magamba ya heshima na tabia ya kujikunja kila swali linapokuwa gumu. Alimwagiza Pimbi akaandike. Pimbi akachovya kijiti. Hapo Chui akaunyoosha mkono.

Hakutaka neno. Alitaka tarakimu. Alieleza kwamba yeye ni mlinzi, macho yake ni ya kazi, na kwamba akisimama kulisoma neno herufi kwa herufi, mwizi wa maji atakuwa ameshakunywa, ameoga, na ameanika nguo. Alisema wakubwa hawasomi maneno, wakubwa huangalia tarakimu. Hakusema, na kiburi kisingemruhusu aseme, kwamba maneno hakuyajua kabisa. Aliyaona kama siafu wanaohama. Tarakimu alizijua, kwa kuwa alijifunza akihesabu mbavu.

Pimbi alisimama, na kusimama kwake na kukaa kwake kulikuwa karibu sawa.

"Bwana Mkubwa," alisema, "mama yangu alinifundisha mpaka tisa ni kwa maneno. Tarakimu ikiwa peke yake ni mlango usio na komeo. Yeyote anaweza kuingia."

"Mama yako amekufa, Pimbi," Chui akamjibu kwa upole. "Mimi niko hai. Tena nina njaa."

Wajumbe wakatazama chini. Kakakuona akaanza kujikunja, akasema akiwa nusu mpira kwamba wawili ni wawili, kwa herufi au kwa tarakimu, mwandishi asilete ubishi wa bure. Pimbi akaenda jabalini, akaandika: *Kila mwezi mlinzi wa chemchemi atapewa wanyama 2.* Akaitazama ile 2. Ilisimama pale pembeni kama mjane kwenye harusi. Akarudi pangoni kwake, na usiku ule hakulala vizuri.

Alfajiri, kabla ya wasomaji, Chui alikuja. Nyata, nyata, nyata. Akatia ukucha kwenye kibuyu cha chokaa. Chwa. Akachora duara moja pembeni ya 2, akaondoka, nyata, nyata, nyata.

Jua lilipopanda, wanyama walisoma: *Kila mwezi mlinzi wa chemchemi atapewa wanyama 20.*

Hakuna aliyepiga kelele. Kelele huhitaji pumzi. Pimbi alifika mbio, akaona, akasema kwamba yeye aliandika wawili, na baraza zima lilisikia wawili. Chui alikuwa amelala juu ya mwamba, mkia unaning'inia. Aliuliza tu, bila haraka: jabali limedanganya, au mwandishi amekosea?

Hapo ndipo wote walipokumbuka desturi ya tatu, ambayo sikuitaja kwa sababu hata wao hawakupenda kuitaja. Mwandishi akikiri kwamba amekosea jabalini, yeye na ukoo wake wote hushuka mwambani wakaishi uwandani. Na pimbi uwandani hafiki adhuhuri. Mwewe humwona kabla hajajua aende wapi.

Pimbi aliwatazama wajumbe. Tumbili, ambaye kwa kawaida mdomo wake haukujua siku ya mapumziko, alikuna kwapa akasema labda yeye alisikia vibaya siku ile, upepo ulikuwa mwingi. Nyati aliinamisha pembe, kwa kuwa jabali halipindi. Kakakuona alikuwa ameshakuwa mpira. Pimbi akamtazama Kidawa, aliyekuwa juu ya jabali akijiandaa kuteleza, hajui kitu. Akafunga mdomo.

Basi wakatolewa. Kanga wakatoa wao, wakalia. Paa wakatoa wao, wakalia. Nungunungu wakatoa wao, wakalia, na nungunungu akilia hakuna wa kumkumbatia. Wazee walikwisha, wagonjwa walikwisha, wakafuatia wazima. Chui alikula, akalala, akaamka, akala. Kraa, kraa, mifupa. Maji ya chemchemi yalikuwa salama kabisa, na wengi walishindwa kuyanywa.

Pimbi alitaka kuandika habari za waliokwenda. Alikaa mbele ya jabali na kijiti mkononi mpaka chokaa ikamkaukia nchani. Kanuni ilisema ishirini ni tarakimu. Hakuweza. Hakuandika kitu.

Mwezi ukaisha. Mbingu ilikuwa kavu kama ulimi wa mwongo aliyebanwa, bila dalili ya mvua ya kufuta chochote, na zamu ikawafikia watu wa majabalini. Kura ikapigwa. Kura ya kwanza ikamwangukia Kidawa.

Mtoto aliuliza kama kule chemchemini kuna mahali pa kuteleza. Pimbi, mama yake, akamjibu kwamba lipo jiwe moja zuri. Kisha akatoka nje, akakaa nyuma ya pango, akalia kwa namna ya wale wasiotaka kusikiwa. Alipomaliza kulia alibaki amekaa, akifikiri. Alimfikiria Chui akitazama jabali. Anatazama nini? Hatazami habari, hatazami nani amezaliwa, nani amefiwa. Macho yake hupita juu ya maneno kama mguu unavyovuka siafu, yanatafuta tarakimu, na yakiipata yanakaa. Pimbi akafuta machozi. Akaenda barazani.

Chui hakuwepo barazani. Alikuwa amelala, kama ilivyo kawaida ya aliyeshiba cha wenzake. Pimbi akasimama akawakumbusha wajumbe desturi ya zamani ambayo hofu iliisahaulisha: anayekula kwa ruhusa ya jabali humwombolezea aliyemla. Mlinzi hajaomboleza hata siku moja. Na afunge nyama, aomboleze.

Kakakuona aliuliza, akiwa tayari ameingiza kichwa kifuani, mlinzi afunge kwa muda gani.

"Siku mbili, mzee," alisema Pimbi. "Mbili tu."

Kicheko kikapita barazani, kile cha msibani, kinachotoka puani. Tumbili akasema hata yeye ndizi ikimdondokea mtoni huilia siku tatu. Nyati akasema kwamba siku mbili ni tusi kwa marehemu. Mjane wa Paa, aliyekuwa amekaa nyuma, alimtazama Pimbi tu, na mtazamo ule ulikuwa mzito kuliko Nyati. Pimbi alivumilia. Akarudia: mbili tu. Kwa kuwa ombi lilikuwa dogo kiasi kwamba hata mwoga angeweza kulibeba, Kakakuona akatoa kichwa, akalipitisha.

Jioni ile Pimbi akaenda jabalini. Akachovya kijiti. Akaandika taratibu: *Kuanzia leo mlinzi wa chemchemi hatakula nyama yoyote, akiwaombolezea waliokwenda, kwa muda wa siku 2.*

Aliandika 2 kwa tarakimu, kama Bwana Mkubwa alivyoagiza. Nani angemlaumu? Tena aliiandika kubwa, nono, yenye shingo. Na yeye ambaye siku zote alibana maandishi ili jabali litoshe, jioni ile aliacha uwazi mpana baada ya ile 2, uwazi wa kutosha kulaza nguruwe. Kibuyu cha chokaa akakisahau pale chini. Akaingia kwenye ufa wa mwamba, akajibana, akangoja.

Alfajiri, nyata, nyata, nyata. Chui akaja. Macho yakapita juu ya siafu, yakafika kwenye 2, yakakaa. Alikunja uso. Mbili tena? Baada ya ulinzi wote huu? Akatia ukucha. Chwa. Akachora duara.

Akasogea nyuma akatazama. Ilikuwa 20, sawa na mwezi uliopita, na mwezi uliopita mwisho mwisho alibaki akilamba mawe. Nafasi bado ilikuwepo. Chwa. Akachora duara.

Akasogea nyuma akatazama. Kulipendeza. Lakini nafasi bado ilikuwepo, na mlafi hajawahi kuona nafasi akaiacha. Chwa. Duara. Chwa. Duara. Jabali likafika ukingo, akaangalia pembeni kama jiwe lile haliwezi kuvutwa kidogo. Halikuvutika. Akaondoka amejaa furaha, nyata, nyata, na hatua ya tatu hakunyata, alirukaruka.

Ndani ya ufa, Pimbi aliziangalia zile sifuri. Hazikuwa na hata mkato wa kumsaidia msomaji. Mama yake angesikitika.

Jua lilipopanda, wanyama walikusanyika. Walisoma. Walisoma tena. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, kwa kunong'ona, na hakuna aliyethubutu kucheka wala kulia kabla hajajua lipi ni lipi. Kisha Chui akaja, safari hii kwa mwendo wa bwana harusi, tumbo likitangulia. Akasimama chini ya jabali.

"Nimeona habari," alisema. "Nimeridhika. Leteni."

Kakakuona aliuliza walete nini.

"Kilichoandikwa."

Mwenyekiti akajikunja. Lakini kabla hajafunga kabisa, alimwelekezea Pimbi ukucha, kwamba mwandishi asome. Pimbi akapanda juu ya kijiwe. Akasoma kama watu wanavyosoma wasifu wa marehemu, neno baada ya neno:

"Kuanzia leo mlinzi wa chemchemi hatakula nyama yoyote, akiwaombolezea waliokwenda, kwa muda wa siku elfu ishirini."

Nzi mmoja alipita, vvvv, akajiona ana kelele, akatua.

"Soma tena," alisema Chui.

Pimbi akasoma tena. Hakuongeza, hakupunguza.

Chui alitazama jabali. Siafu wale wale. Alitazama wanyama. Wote walikuwa wakimtazama, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetazama chini.

"Mwandishi amekosea," akasema. "Ilikuwa mbili."

"Bwana ameijuaje mbili?" Pimbi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, ila pale jabalini hata ndogo ilisikika. "Baraza lilikaa umelala. Habari haitangulii jabali, na hakuna aliyekwambia. Na jabali, bwana, limeanza kusomwa jua lilipopanda, likiwa hivi hivi."

Chui akarudi hatua moja nyuma. Mjane wa Paa aliyesimama karibu akauangalia mkono wa kulia wa Chui, na wote wakafuata macho ya mjane. Kucha zilikuwa nyeupe kwa chokaa. Chui akauvuta mkono chini ya kifua, pole pole, kama mtoto aliyekutwa jikoni.

Nyati akasogeza kwato moja mbele. Moja tu. Du. Ardhi ilijibu.

"Bwana," Pimbi akaendelea, "yako mambo mawili. Jabali limesema kweli leo, basi na mwezi uliopita lilisema kweli, nawe utafunga kama lilivyosema. Au uko mkono ulioongeza leo, basi tuutafute, na tukishaupata tuuulize na habari za mwezi uliopita. Wewe ni mlinzi wetu. Tuchagulie."

Pembe za Nyati zilikuwa hazijainama. Zilikuwa zimenyooka, zinangoja, maana zilimheshimu Chui kwa ajili ya jabali na si kwa ajili ya makucha yake. Chui aliziona. Tarakimu hizo, pembe mbili, alizisoma bila shida.

"Jabali halipindi," alisema, na sauti ilitoka kama imepita kwenye mwanzi.

Hivyo ndivyo Kidawa alivyorudi kwenye mchezo wake wa kuteleza, akilalamika kwamba hajaonyeshwa lile jiwe zuri. Mama yake alimkumbatia mpaka mtoto akasema anabanwa.

Chui alilinda chemchemi akila majani. Alitafuna, akatema, akatafuna. Alijaribu ndulele, matunda machungu ya porini, yakampa alichostahili. Hata fisi wa ng'ambo walikoma kuja, si kwa hofu, kwa haya, maana si rahisi kumwibia mtu anayekula nyasi huku machozi yanamtoka. Asubuhi moja hakuonekana. Alikuwa ameondoka bila kuaga, kuelekea vilimani, peke yake.

Kisha mvua ikanyesha. Pwa, pwa, kisha shaaa. Ikafuta 20 ya kwanza, ikafuta elfu ishirini, ikalifanya jabali jeusi kama siku lilipozaliwa. Lilipokauka, Pimbi alichukua kibuyu na kijiti.

Kanuni ilisema ishirini ni tarakimu. Kwa mara ya kwanza maishani Pimbi aliivunja kanuni ya mama yake. Aliandika *ishirini* kwa herufi, na chini yake akaanza majina: yule Kanga mzee aliyekuwa akiamsha watu kabla ya jogoo, yule Paa mume wa mjane, yule Nungunungu aliyelima ovyo na kuimba vizuri, na wengine, kila mmoja na jina lake, kila jina na nafasi yake. Kazi ilimchukua siku nzima. Wanyama walikaa chini wakamwangalia, na hakuna aliyeuliza ni lini ataleta habari nyingine.

Chini kabisa, palipobaki nafasi kidogo, akaandika kwa haki, maana mwandishi ni mwandishi: *Mvua imefuta. Mlinzi wa zamani ameruhusiwa kula kama zamani, nje ya nyika yetu.* Kwa maneno matupu.

Wanasema Chui alishuka siku moja akapita pale akijificha. Alitazama jabali kutoka juu hadi chini, akitafuta tarakimu. Hakuiona hata moja. Akajua hakuna habari inayomhusu, akarudi vilimani.

Ndiyo maana mpaka leo chui akipata nyama huipandisha mtini, akaila majanini huku akigeuka geuka. Anadhani siku zake za kufunga bado hazijaisha. Na ndiyo maana ukienda kwenye majabali wanakokaa pimbi utakuta michirizi myeupe mwambani. Wenye elimu watakwambia ni mkojo. Mwache mwenye elimu na mkojo wake.

Hapa ndipo ngano yangu inapokunja mkeka. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni sahani.

"Na mafunzo?"

Mafunzo yapo, tena mazito, wazazi wayatilie maanani. Ngano hii inatufundisha kwamba mtu mkubwa asijisumbue kusoma maneno. Maneno ni marefu, yanachosha, na ni ya watu wadogo wenye nafasi. Mkubwa aangalie tarakimu tu. Na akikuta pembeni yake pana nafasi, aijaze.